Mama Aliyeosha Vikombe vya Ushirika

Kila Jumapili ya ushirika mama alikaa mwisho wa benchi, upande wa njia. Mchungaji aliposema, "Wapendwa, karibuni mezani," yeye hakuinuka. Alikunja magoti pembeni, akashika pindo la leso lisikanyagwe, akatupisha. Wanawake wa umoja walimpita. Vijana wa kwaya walimpita. Mzee mmoja aliyejulikana soko zima kwa kupunja mizani naye alimpita, uso umejaa toba. Hata mimi, nilipopata kipaimara na kuwa mshiriki kamili, nilimpita. Magoti yangu yaligusa yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pita, mama," jinsi alivyoniambia nyumbani nilipomkuta amekaa mlangoni anachambua mboga.

Alikaa pale mwisho kwa sababu ya vikombe. Vile vikombe vidogo vya divai, ambavyo kwetu vilitiwa juisi nyekundu kwa kuwa divai ni ghali na wazee waliogopa majaribu, ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Mwenyekiti wa akina mama alimpa kazi hiyo zamani, na sababu aliitoa bila haya hata kidogo: "Kwa kuwa wewe huendi mbele, si utatuwekea maji ya moto?" Basi sisi tukiwa bado tumeinamisha vichwa, mama alikuwa ameshatoka nyuma ya kanisa, kwenye kibanda cha jikoni, anapuliza makaa.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimsaidia kufuta. Siku moja niliona juisi imebaki kwenye jagi, nyingi tu, nikamwambia anywe. Alinitazama kama niliyetukana mtu. "Si yangu," alisema, akaenda kuimwaga penye ua wa miiba, mahali ilipoagizwa kumwagwa. Sisimizi wakaja. Nilichuchumaa pale nikiwatazama, na huo ndio mwaka niliogundua kwamba sisimizi wa Isiolo walikuwa wameshiriki Meza ya Bwana kabla ya mama yangu.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Aliishi na baba bila ndoa ya kanisani. Kanisa letu lina sheria, na sheria hiyo sikuitunga mimi. Ningeitunga mimi ningeanza na wapunja mizani. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuimba, kutoa sadaka, kufagia, kupikia wageni wa mkutano mkuu mpaka mgongo ukatae kunyooka. Mezani haji. Na ili ndoa ibarikiwe, wazazi wa msichana lazima wasimame mbele ya mchungaji na kusema wameridhika. Babu, yaani baba yake mama, hakuridhika mpaka anaingia kaburini, na kilichomzuia kuridhika ni asali.

Kwetu Wameru mahari bila asali haijakamilika. Baba alikuwa Mmeru kwa damu, lakini alizaliwa na kulelewa hapa mjini Isiolo, chini kwenye joto, na kazi yake ilikuwa kuendesha lori la mbuzi. Aliwapakia kwenye vijiji vya Merti na Biliqo akawateremsha Nairobi. Mifugo ya mahari alipeleka kwa wakwe kule mlimani, hakuna aliyelalamika. Ilipofika zamu ya asali, hakununua kwa wafuga nyuki wa kule kule kama walivyofanya wengine. Alikwenda Kipsing kwa mzee mmoja Mturkana aliyemfahamu, akasimama chini ya mgunga mzinga ukifukizwa moshi, akaumwa shingoni, akarudi na chombo kimejaa asali ya nyika, nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi. Alijiona amewaheshimu wakwe kuliko mkwe yeyote aliyewahi kupanda mlima ule.

Babu alichovya kidole, akaonja, akatema mbele ya wageni.

"Hii ni sukari imeungua," alisema.

Alikuwa hajawahi kuonja asali ya chini. Yeye alijua ya mlimani, nyepesi, unaona kidole chako ndani yake. Wazee wengine na kaka zake mama nao wakaonja, nao wakatema. Baba angeweza kusema leteni njiti ya kiberiti tuichovye, ikiwaka ni asali safi. Angeweza hata kucheka, maana alikuwa mcheshi. Badala yake aliinua chombo chake, akakirudisha kwenye lori. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, wala hakujua, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mjini: kwa wazee wale asali ikishaingia kwenye boma la wakwe haitolewi tena, na ukiitoa umesema msichana humtaki. Babu alisimama akasema basi, mambo yamekwisha. Mama, ambaye tayari alikuwa na mimba yangu, alitoka jikoni, akavuka uwanja mbele ya wazee wote, akapanda lori akakaa karibu na chombo.

Tangu siku hiyo kila mmoja akashikilia lake. Babu alitaka asali nyingine na msamaha. Baba alisema yeye alipeleka asali, wanaotakiwa kuomba msamaha ni waliotema. Na asali yenyewe, ukitaka kucheka, ilikuwa ya kupikia pombe ya wazee. Kanisa lililokemea pombe kila Jumapili ndilo lililomfungia mama mlango kwa ajili ya pombe ambayo haikupikwa.

Asali ile tuliila sisi. Mama aliitia kwenye uji wangu kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mahari ya mama yangu niliilia uji, kwa hiyo mtu asinifundishe kama ilikuwa asali au sukari.

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, mama alijaribu. Alingoja baba arudi safari, aoge vumbi la Merti, ale ashibe. Kisha alianza kwa mbali.

"Mzee, Pasaka hiyo inakaribia."

"Ikaribie. Nani ameifunga?"

"Nilikuwa naonelea tupeleke tu kachupa kengine kule nyumbani. Tuseme ni ya kusalimia wazee."

"Nikipeleka ingine, nimekubali ile ya kwanza ilikuwa sukari. Mimi ni mwizi?"

"Hapana, wewe si mwizi."

"Basi hiyo maneno imeisha."

Mama aliokota sahani, akaenda kuosha. Ningependa kusema baba alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Hakuwa mbaya. Mchanga wa kujengea kile kibanda cha jikoni cha kanisa aliubeba yeye kwa lori lake bila kudai chochote. Mvua ikinyesha alimpeleka mama ibadani, akamngoja nje akisikiliza redio, akamrudisha. Hakuwahi kumpiga wala kumletea mwanamke mwingine. Alikuwa tayari kumfanyia mama kila kitu isipokuwa kile kimoja alichokitaka, na mimi nilikua nikishindwa hata kumchukia sawasawa.

Wachungaji nao walikuja na kuhamishwa. Kila mpya alifika na moto wake, akatembelea nyumba kwa nyumba, akanywa chai yetu akasema, "Mama, hili jambo lako tutalishughulikia." Kisha jua la Isiolo likamchosha, akaomba kurudishwa mlimani kwenye migomba na baridi. Wazee wa kanisa ndio waliobaki, na hao walikuwa na neno moja: vumilia. Mama, vumilia. Neno hilo nililichukia kabla sijaweza kuliandika. Sikumbuki hata siku moja kuambiwa na mtu aliyekuwa akivumilia kitu. Aliyemwambia mama avumilie alikuwa ametoka mezani sasa hivi, midomo yake bado ina utamu wa juisi.

Jirani yetu alikuwa mama Mborana, Mwislamu, aliyetuuzia maziwa ya ngamia. Huyo mambo yetu yalimshinda kabisa. Jumapili moja alitukuta tunarudi, mama amebeba vitambaa vya meza vya kwenda kufua.

"Salaam aleikum."

"Habari yako, mama."

"Leo pia umeosha vyombo?"

"Nimeosha."

"Na ile chakula ya Mungu umekula?"

"Bado."

Jirani alitua kibuyu chake chini. "Nyinyi watu muko na mambo. Kwetu mpishi hata kama ni adui yako anaonjeshwa. Wewe unaosha, unafua, hata tone hupewi? Ni nani alitengeneza hiyo sheria, Mungu ama wazee?"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kile kitambaa cha meza. Tulipoingia ndani aliendelea kujifuta, na kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Nilipoanza kazi ya ualimu na kupata ulimi wa mtu mzima, nilimwambia ahame kanisa. Mji umejaa makanisa. Kuna mahema ambako unaingia leo, kesho unapewa maikrofoni, na hakuna anayeuliza umelala kwa nani. Alikuwa anakuna nazi ya wali wa sikukuu. Hakuinua kichwa.

"Mimi sikuwaahidi wazee kitu," alisema. "Nilimwahidi Yesu, siku niliyobatizwa. Hao wazee ni watu tu wamekaa njiani."

"Na yeye Yesu anakuona?"

"Yuko pale mezani. Mahali ninapokaa ninamwona vizuri."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka amkasirikie mtu, yeyote, hata mimi. Imani yake ilikuwa kubwa na niliiona, lakini niliona pia jinsi ilivyowafaa watu wengine. Mtu akishajulikana anangoja vizuri, hakuna anayeharakisha.

Jumapili iliyofuata mchungaji alipokaribisha watu mezani, sikuinuka. Mama alikunja magoti akangoja nipite. Akanigusa kwa kiwiko.

"Nenda."

"Siendi wewe ukibaki."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, mara hiyo moja. Alinishika mkono, kucha zikaingia. "Usinifanye mimi sababu ya kumkosa Mungu," alisema akiwa amebana meno. Lakini nilibaki nimekaa, na Jumapili zilizofuata pia. Wenzetu walitupita sote wawili, magoti yetu manne yamekunjwa upande mmoja. Mwanzoni nilibaki kwa ajili yake. Baadaye, nikijiuliza kama ningependa kwenda, nilikuta hamu yenyewe haipo.

Kisha babu akafa. Tulimzika, mama akalia kama binti mwema anavyolia, na msimu wa mvua ulipopita nilifunga safari kwenda kwa mjomba, mkubwa wa ndugu zake mama, ambaye sasa ndiye aliyeshika boma. Nilipitia kwanza Ngaremara, kwa wanawake Waturkana wanaouza kando ya barabara, nikachagua chupa ya asali nyeusi kuliko zote. Nilipofika niliiweka mezani bila maneno. Mjomba alileta kijiko, akalamba, akafumba macho.

"Hii sasa ndiyo asali," alisema. "Ya huko chini ni dawa. Siku hizi watu wa Nairobi wanaitafuta sana, hii yetu hawaitaki."

Akachota tena.

"Ni ile ile ya baba, mjomba," nikamwambia. "Mlioitema."

Kijiko kilibaki mdomoni. Akakitoa, akakipangusa kwa kidole, akakiweka kando.

"Mzee wetu alikuwa mkali."

"Wewe siku ile ulionja?"

"Nilionja."

"Ukaona ni sukari?"

Alitazama mlangoni. "Mzee alikuwa ametema," alisema.

Sikujua nicheke au nimrushie chupa. Kijana mwenye ulimi wake mdomoni alijua kabisa ni asali, akatema kwa adabu, na dada yake akalipa adabu hiyo maisha yake yote. Lakini sikusema, kwa kuwa nilitaka kitu kwake, na nilikipata. Alikubali kushuka Isiolo kusimama mbele ya mchungaji aseme familia imeridhika. Nilirudi nikamwambia mama. Aliingia chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa, na nilipochungulia alikuwa amekaa kitandani na kitambaa cheupe cha kichwani mapajani, anakinyoosha kwa mkono.

Baba wakati huo alikuwa ameacha lori, presha imemmaliza nguvu. Nilimweleza jambo lote, hata la kijiko. Nilidhani atafurahi. Alifurahi sana, akajipiga kiganja gotini.

"Basi aje hapa kwangu kwanza," alisema, "aseme mbele yangu na mbele ya majirani kwamba mimi nilipeleka asali. Akishasema, hata kesho naenda kanisani."

Nikampigia mjomba. Mjomba akasema hawezi kutembea na kumwaibisha marehemu kwenye vijiji vya watu. Kusimama mbele ya mchungaji atasimama, kusema mzee alikosea hatasema. Nilimpigia tena na tena mpaka akaacha kushika simu. Nilimsihi baba nikamlilia, nikamwambia haki yake ataipata kwa Mungu, amwache mama aende mezani. Alinisikiliza vizuri. "Haki yangu ni neno moja," alisema, "na wao wanaliogopa." Mama alikirudisha kitambaa sandukuni. Alichokuwa akinyimwa na baba na babu, sasa alinyimwa na baba na mjomba, kwa ajili ya heshima ya aliyekufa.

Alasiri ya mwisho ya baba hospitalini tulikuwa mimi na mama tu kando ya kitanda. Alifungua macho, akamtafuta mama.

"Ile ilikuwa asali," alisema.

"Najua," mama akamjibu. "Niliila."

Akampangusa mdomo kwa kona ya leso, akaendelea kumshika mkono hadi ukapoa.

Matanga hayajaisha vizuri, wazee wa kanisa walikuja nyumbani wakiwa na nyuso za habari njema. Waliomba, wakaimba ubeti mmoja, wakakaa. Mkubwa wao akakohoa.

"Mama, tumeketi tukaliangalia jambo lako. Sasa wewe ni mjane. Hakuna kizuizi tena. Unaweza kurudishwa mezani."

Nilikuwa nimesimama na birika. "Kumbe dawa ilikuwa afe tu," nikasema. "Mngetuambia mapema."

"Binti, Mungu ana wakati wake," akanijibu yule mzee.

"Wakati huu ni wenu, usimsingizie."

"Nyamaza uwape watu chai," mama alisema. Kisha akamgeukia mzee, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha, furaha ya kweli, ambayo sikuweza kuitazama. "Ni Jumapili gani?"

Jumapili hiyo alivaa kile kitambaa cheupe. Mwenyekiti mpya wa akina mama, msichana tuliyesoma naye, alimwambia leo asishike maji, akae kama wengine. Nikasema vikombe nitaosha mimi. Kwa hiyo mimi nilikaa mwisho wa benchi, upande wa njia, na yeye akakaa ndani, mahali ambapo hajawahi kukaa. Alikuwa hatulii. Alishika Biblia, akaiweka, akashika mkono wangu, akauacha. Walimwita mbele, wakamwombea, watu wakapiga makofi. Yule mpunja mizani, mzee sana sasa, alipiga makofi kuliko wote. Mama akarudi akakaa, uso unang'aa kwa machozi.

Mchungaji akasema, "Wapendwa, karibuni mezani."

Benchi ikainuka. Mama akainuka. Akanyoosha mkono kwangu na kusema, "Twende," kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelipanga neno hilo siku nyingi. Ndipo nilipoelewa kwamba katika kungoja kwake kote hakuwahi kujiona anakwenda pale mbele bila mimi.

Nilitaka kuinuka. Nilijitafuta ndani nikitafuta chochote cha kuinukia, kwa ajili yake tu, hata cha uongo. Nilikuta wale wazee, babu, baba, mjomba na kijiko chake.

"Nenda, mama," nikasema. "Mimi niko na vikombe."

Alinitazama. Aliona, maana alikijua kiti hicho kuliko mtu yeyote katika kanisa lile. Nyuma yake watu walikuwa wanasubiri. Nikakunja magoti pembeni, nikashika pindo la leso yangu. Alitia mkono begani pangu ili asijikwae, akasimama hapo kidogo, mkono wake mzito.

"Haya, nitakungoja," alisema. "Kungoja najua."

Kisha akapita, akaenda mezani peke yake.